Sura ya Sita: Uso Uliotakata

Siku ya gulio Choma, jua likiwa bado upande wa Singida, mama muuza karanga aliweka chini beseni lake na kabla hajapanga fungu hata moja akatoa kichupa cha mafuta kwenye pindo la kitenge. Akajimiminia kiganjani, akasugua, akapaka uso, shingo, mikono, kisha akamalizia na visigino.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usinitazame kwanza, nimepauka."

Baada ya dakika mbili hakuwa amepauka tena. Paji lilimeremeta, mikono ikawa na rangi ya mninga uliopigwa msasa. Lakini mashavuni, kila upande, palikuwa na baka la kahawia iliyokolea, lenye kingo zisizonyooka kama mpaka wa ziwa kwenye ramani. Hilo mafuta hayakuligusa. Aliponiona nimelitazama akacheka. Lilikuja na mimba ya kitinda mimba wake, akasema, na mtoto sasa yuko darasa la tatu. Aliwahi kuletewa dawa ya kupaka kutoka mjini. Baka likaondoka wiki tatu, likarudi na wenzake.

Choma ninayoizungumzia ni ya wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, ile ambayo wengi huiita Choma cha Nkola. Ukiitamka kwa Kiswahili, jina lake ni amri, na saa saba mchana mwezi wa Septemba utadhani jua limeisikia. Nimeanza sura hii hapo kwa sababu katika ile salamu fupi mama alinipa mambo mawili ambayo maduka ya vipodozi yamejitahidi sana kuyachanganya: mpauko na baka. Kila moja lina mahali pake kwenye ngozi, dawa yake na muda wake. Mtu anayeuziwa kitu kimoja cha kumaliza yote mawili kwa mkupuo ana haki ya kushtuka.

Tuanze na mpauko, kwa kuwa ndio mwepesi.

Sehemu ya juu kabisa ya ngozi ni seli zilizokufa, bapa, zilizolaliana kama vigae vya paa. Zikiwa na maji ya kutosha ndani yake na mafuta katikati yake, zinalala chini, na mwanga unaozipiga unarudi kwa pamoja, kama kwenye bwawa lililotulia asubuhi. Huko ndiko kung'aa. Zikikauka, kingo zinanyanyuka na mwanga unatawanyika huku na huku. Jicho linaona kivumbi cha kijivu. Mtu mweupe naye hupauka, ila kwake kijivu hicho hakionekani sana. Juu ya ngozi nyeusi kinaonekana kama chaki ubaoni. Kiswahili kina neno kamili la hali hii.

Igunga ina kila sababu ya kupausha watu. Mvua ikishakatika mwezi wa Mei, hewa inakaa kavu hadi Oktoba au zaidi, na upepo unaopita mbuga ya Wembere haubebi unyevu wowote. Ongeza sabuni ya mche, ile ya kufulia, ambayo wengi wetu tumeogeshwa nayo tangu utotoni. Sabuni hiyo ni kali. Inaondoa jasho na vumbi, na inaondoka pia na yale mafuta yanayoshikilia vigae. Tiba yake mama wa karanga anaijua bila kufundishwa: mafuta. Kinachompita ni saa ya kupaka. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi, yanazuia yaliyopo yasitoke. Ukijipaka dakika tatu baada ya kuoga, mwili ukiwa bado una umajimaji, unafungia maji ndani. Ukijipaka saa mbili baadaye gulioni, umefungia ukavu na kuupaka rangi. Mafuta ya mgando ya kawaida kabisa, yasiyo na manukato, yanafanya kazi hiyo vizuri kuliko vikopo vingi vyenye picha ya ua. Kwa uso wenye chunusi itafutwe losheni nyepesi, maana mafuta mazito, ya nazi yakiwemo, huziba vitundu.

Tabora yenyewe imekuwa ikilisha dunia urembo huo kwa muda mrefu. Nta ya nyuki wa miombo husafirishwa nje, huko huingia kwenye krimu na rangi za midomo, na nyingine hurudi kwetu ndani ya kikopo chenye jina la kigeni. Nikipita Kipalapala, penye kiwanda cha asali, huwa nawaza hesabu ya safari hiyo.

Sasa baka.

Chini ya vigae, kwenye sakafu ya tabaka la juu la ngozi, zinakaa seli zinazotengeneza melanini, rangi yetu. Kila moja ina mikono, na kwa mikono hiyo hugawia vifuko vya rangi seli jirani zipatazo 36. Mtu mweusi na mtu mweupe wana idadi ya seli hizi inayokaribiana. Tofauti iko kwenye ukubwa na wingi wa vifuko. Rangi hiyo ni kinga. Mwaka 1979 Kaidbey na wenzake, Marekani, walipima wakakuta kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi linazuia miale inayounguza kwa kiwango cha 13.4, na la ngozi nyeupe 3.4 tu. Kutokana na kinga hiyo ipo imani kwamba Mwafrika hahitaji kujikinga na jua. Kwa kuungua, ana kinga nzuri. Kwa madoa, ana tatizo, kwa sababu seli zilizozoea kufanya kazi kwa bidii zikichokozwa hazijui kuacha.

Vichokozi ni vingi. Homoni za mimba ni kimoja, na wapo wanaopata mabaka hayo kwa vidonge vya uzazi wa mpango. Madaktari huyaita melazma: mashavu, paji, juu ya mdomo wa juu, pande zote mbili kwa ulinganifu. Jua ni kichokozi kikubwa kuliko vyote, na hapa kuna jambo ambalo utafiti umelithibitisha miaka ya karibuni tu: hata mwanga wa kawaida tunaoutumia kuona, si ile miale isiyoonekana peke yake, huikoleza ngozi nyeusi. Joto nalo limo. Mama ntilie anayeinamia jiko la mkaa tangu saa kumi na moja alfajiri na kijana anayechochea moto kwenye bani la tumbaku kule Urambo wanapata usoni kitu ambacho mwenzao wa ofisini hakipati.

Kisha kuna weusi unaoachwa na majeraha. Chunusi, kuungua na mafuta ya moto, kuumwa na mbu, kujisugua kwa jiwe: kila mwasho kwenye ngozi yetu huacha sahihi. Kumbuka hilo, kwa sababu tiba nyingi za uso zinazouzwa kwa ukali wake ni mwasho mtupu. Ndimu, kwa mfano. Sijui ni nani aliyeanzisha kwamba ndimu inatakatisha uso, lakini maji yake yakikutana na jua hutengeneza kitu kinachounguza, na mtu anaweza kuamka na malengelenge, kisha baka jeusi kuliko lile alilokuwa akilifukuza.

Kuuziwa urembo si jambo jipya hapa: ni mzigo wa zamani kwenye njia ya biashara ipitayo Tabora. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, waliikuta shanga ikiwa ni fedha, na fedha yenye mitindo. Samesame nyekundu ilipendwa hapa, huko mbele ikatakiwa rangi nyingine, na mfanyabiashara aliyebeba rangi iliyopitwa na wakati aliweza kushindwa kununua hata chakula cha wapagazi wake. Waliokaa Unyanyembe walijua bara inataka nini msimu huu. Leo malori yanateremka mlima Sekenke, yanapita Igunga na Nzega, yanaendelea Mwanza, Rwanda, Burundi. Kwenye baadhi ya maboksi kuna krimu, na mwenye duka la gulioni anajua, kama alivyojua babu yake wa shanga, tyubu ipi inakwenda mwaka huu.

Chama tawala kiliwahi kujaribu kuimaliza biashara ya krimu hizi kwa amri. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua, zoezi lililoitwa Operesheni Vijana na lililoanza kutekelezwa Januari 1969. Kikubwa walichofanya vijana hao Dar es Salaam ni kuwasumbua wanawake barabarani. Mawigi yalirudi, krimu hazikuwa zimeondoka. Sheria iliyogusa kiini ilikuja baadaye: ile ya chakula, dawa na vipodozi ya 2003, chini ya mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, na tangu 2019 vipodozi viko mikononi mwa shirika la viwango, TBS. Zebaki na haidrokwinoni ni marufuku kwenye vipodozi nchini. Viko dukani hata hivyo, mara nyingi bila kuandikwa.

Kwa nini vinapendwa? Kwa sababu vinafanya kazi, kwa wiki kadhaa. Tukilikwepa jibu hilo hatutamshawishi mtu yeyote. Mkorogo wa kawaida, yaani mchanganyiko wa kujichubua, una vitu viwili au vitatu kati ya hivi. Steroidi kali, dawa ya ukurutu, inabana mishipa midogo ya damu, inashusha uvimbe wa chunusi na kulainisha uso. Mtu anajiona ametakata ndani ya siku kumi. Haidrokwinoni inazuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini. Zebaki inafanya vivyo hivyo kwa njia ya sumu. Kwa hiyo mama wa karanga hakudanganywa alipoona baka limeondoka kwa wiki tatu. Bili ilikuja baadaye.

Steroidi ikipakwa kwa miezi huikondesha ngozi hadi mishipa inaonekana, na ukiiacha ghafla uso unawaka, unatoa vipele, unawasha, basi mtu anairudia apate nafuu. Haidrokwinoni ikitumiwa miaka na jua juu yake huleta weusi wa rangi ya samawati unaokaa ndani kabisa ya ngozi, ambao Findlay na wenzake waliuelezea Afrika Kusini mwaka 1975. Hauna tiba ya kuaminika. Ni kejeli kubwa: dawa ya weupe ikaleta weusi usiotoka. Wahenga wa mjini wanaosema uso wa Fanta na miguu ya Coca wamesahau vifundo vya vidole, ambavyo hukataa kubadilika, vikamsema mtu.

Zebaki ni mbaya kuliko zote. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60 waliokuwa wakivuja protini kwenye mkojo na kuvimba mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu zenye zebaki. Hawakuwa wameinywa, ilipita kwenye ngozi ikaenda kwenye figo. Wakazi wa Nzega na Igunga wanaijua zebaki kwa sura nyingine, ile ya rangi ya fedha anayoimwaga mchimbaji mdogo kwenye karai ili inase chembe za dhahabu. Kwenye krimu imo kama chumvi, haionekani, hainuki. Ninamfahamu mtu ambaye humkataza mwanawe asiguse karai la baba yake, na jioni anajipaka hiyohiyo mashavuni. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka kikomo cha sehemu moja kwa milioni kwenye vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kukiondoa kikomo hicho, ili ifikapo 2025 kipodozi chochote kilichotiwa zebaki kisiruhusiwe.

Jambo ambalo msomaji huenda asilitarajie ni hili: fomula maarufu ya hospitali dhidi ya melazma inafanana na mkorogo. Kligman na Willis waliichapisha mwaka 1975: haidrokwinoni asilimia 5, tretinoini asilimia 0.1, na steroidi ya deksamethazoni asilimia 0.1. Steroidi mle ndani, haidrokwinoni mle ndani. Tofauti ni kwamba daktari anajua kiasi, anapaka kwenye baka tu, anahesabu wiki, anasimamisha, na anakutaka urudi akutazame. Fundi wa mkorogo hataki urudi atazamwe yeye.

Basi mtu wa Choma afanye nini?

Kwanza kivuli. Ningekuwa na uwezo ningeiandika sura nzima juu ya kofia. Kofia ya ukili yenye ukingo mpana kama shubiri, mwavuli, kanga iliyoshushwa hadi juu ya nyusi, meza iliyohamishiwa chini ya mwembe: bila hivi dawa yoyote ya baka ni kuchota maji kwa tenga. Losheni ya jua inafuata. Yenye namba 30 inazuia kama asilimia 97 ya miale inayounguza, ikipakwa ya kutosha. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili iliyojaa, urefu wa kidole cha shahada na cha kati, na kurudia kila saa mbili kwa anayeshinda nje. Kwa baka, iliyo bora ni yenye rangi ya ngozi. Rangi hiyo hutokana na kutu ya chuma, aina ileile ya madini yanayoupa udongo wa Tabora wekundu wake, nayo huzuia ule mwanga unaoonekana ambao losheni nyeupe huupitisha. (Mtu asichote udongo akajipaka. Nimeshaulizwa.)

Losheni hizi ni ghali kwetu. Kule hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa KiliSun, losheni ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, na hugawiwa bure kliniki. Hiyo ni yao. Kwao jua ni saratani, si baka. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha kwamba losheni ya kiwango inaweza kutengenezwa Tanzania, na nani anajua, iko siku itatengenezwa na ya mama wa karanga.

Pili, kuonwa na mtu aliyesomea ngozi. Moshi hapohapo kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, kilichoanza 1992, ambacho pamoja na madaktari bingwa kimefundisha maofisa tabibu kwa miaka miwili na kuwarudisha mikoani. Kutoka Choma, Hospitali ya Nkinga iko wilaya hiyohiyo, na Kitete iko Tabora mjini. Ulizia siku ya kliniki ya ngozi kabla ya kupanda gari. Tabibu atakachoangalia kwanza ni kina cha baka. Baka la kahawia lenye kingo wazi kwa kawaida liko juu na hutibika. La kijivujivu limezama, na mgonjwa aambiwe hivyo mapema.

Dawa zilizopo si haidrokwinoni peke yake. Asidi ya azelaiki ina asili ya kuchekesha: fangasi wa utangotango, ule ugonjwa wa mabaka meupe kifuani na mgongoni, hutengeneza asidi hiyo. Leo ni krimu inayopunguza melanini na kutuliza chunusi, na hata mjamzito anaruhusiwa kuitumia. Asidi ya traneksami iko kwenye wodi za wazazi kuzuia mama asivuje damu. Mwaka 1979 daktari mmoja wa Japani aligundua kwamba inafifisha melazma. Huwa ni vidonge, haimfai aliyewahi kuganda damu, na haiandikwi na rafiki. Tretinoini huharakisha vigae kupukutika; haitumiki wakati wa ujauzito. Kliniki za mijini zina pia asidi za kubandua tabaka la juu kidogo kidogo, kama ya glikoliki, na leza. Kwenye ngozi yetu asidi nyepesi kwa mkono wenye uzoefu inasaidia. Leza ningeichelewesha sana: joto lake ni kichokozi, na nimeona uso uliolipiwa mamilioni ukatoka na madoa ya chui.

Na ule mng'ao, wakati tiba inaendelea? Hapa ndipo wengi huharibu. Dawa za baka zinakausha, uso unapauka, mgonjwa anadhani dawa haifanyi kazi, anaanza kusugua kwa sukari na ndimu, ngozi inawashwa, seli zinamwaga rangi upya. Tiba ya miezi miwili imekwisha kwa jioni moja. Kwa hiyo losheni ya kulainisha ni sehemu ya tiba. Uso uoshwe mara mbili kwa siku kwa sabuni laini na maji yasiyo moto, ukaushwe kwa kugusagusa, losheni ipakwe ukiwa bado na unyevu, dawa ya baka usiku, ya jua asubuhi. Anayewashwa apake dawa usiku mmoja na kuruka mmoja. Niasinamaidi, aina ya vitamini B3 inayopatikana kwenye losheni nyingi za bei ya kati, inafaa kwa yote mawili: inaimarisha vigae visipoteze maji, na inazuia vile vifuko vya rangi visikabidhiwe. Singo na liwa za pwani, ambazo bibi harusi wa Tabora wenye asili ya huko bado husuguliwa, ziache kwa mwili. Kwenye baka hapana.

Mng'ao utaonekana ndani ya wiki mbili. Baka huhitaji wiki nane hadi kumi na mbili ndipo lianze kusema lolote, na ngozi yenyewe hujibadilisha upya kwa mwezi mmoja au zaidi. Kioo hakifai kupima mabadiliko ya polepole namna hiyo. Mtu hujiona kila siku na haoni kitu. Piga picha kwa simu, mahali pamoja, saa ileile, bila kichujio.

Mama wa karanga nilimpiga ya kwanza mwezi wa Juni, mlangoni kwa jirani yake, saa tatu asubuhi. Niliporudi Oktoba meza yake ilikuwa imehamia chini ya mwembe, na kofia ya ukili ya mumewe ilikuwa kichwani mwake. Mzee, akasema, amenunua nyingine kwa kununa. Tukasimama mlangoni palepale. Akachukua simu, akaweka picha mbili pamoja, akazikuza kwa vidole. Baka la kulia lilikuwa vilevile. La kushoto lilikuwa limeanza kukatika katikati, na kwenye mwanya huo, upana wa punje ya karanga, ilionekana rangi yake mwenyewe.